Fairtrade, Rainforest Alliance, SMETA au mkataba na chama: njia ipi inakufaa?

Barua pepe ya mnunuzi huwa fupi: tuleteeni uthibitisho kwamba mnaheshimu haki za binadamu kazini kwenu na kwa wanaowauzia ninyi. Haisemi uthibitisho upi. Hapo meneja wa shamba la maua Naivasha au Arusha, katibu wa ushirika wa kahawa na mkuu wa utumishi wa kiwanda cha nguo huanza kuulizana, huku kila mshauri akipigia debe kile anachouza.

Tunaziweka hapa njia nne ubavu kwa ubavu: cheti cha Fairtrade, cheti cha Rainforest Alliance, ukaguzi wa SMETA (unaotoa ripoti bila cheti), na mkataba wa kisheria na chama cha wafanyakazi, yaani mkataba wa hali bora, ukiwemo ule unaomfunga hata mnunuzi. Kuna vingine, kama kiwango cha Baraza la Maua la Kenya, au SA8000, kiwango cha kimataifa cha haki za wafanyakazi, kwa viwanda. Hizi nne zinatosha kuonyesha tofauti za msingi.

Ieleweke mapema kwamba hakuna hata moja inayochukua nafasi ya wajibu wenyewe. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 zinaitaka kampuni ijue madhara inayoweza kuyasababisha au kuchangia, iyazuie, ifuatilie, ieleze hadharani ilichofanya, na iwafidie walioumizwa. Cheti ni chombo cha kusaidia kazi hiyo. Sheria ya Ufaransa ya 2017 na ya Ujerumani iliyoanza kutumika Januari 2023 zinaibana kampuni kubwa inayonunua, nayo inakusukumia wewe sehemu ya mzigo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka 2024, ingawa tangu hapo imesogezwa mbele na kulegezwa. Kabla ya kulipa senti yoyote, mwandikie mnunuzi umwulize mambo matatu: mnakubali vyeti gani, mtachangia gharama kiasi gani, na tukifichua tatizo wenyewe mtaendelea kununua? Jibu la swali la tatu litakuambia mengi kuliko bango lolote la maadili.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tumeipima kwa maswali yaleyale: nani anakagua na nani analipa, inadai nini kuhusu saa, mshahara, vibarua na chama, fedha zinamfikia nani, mfanyakazi anafanya nini siku ambazo mkaguzi hayupo, na inamfaa nani.

Swali la nne ndilo tulilolipa uzito zaidi, na sababu zake ziko wazi. Kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipewa cheti cha SA8000 mwezi Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliungua na kuua zaidi ya watu 250, wengi wakiwa wamenaswa ndani kwa madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa. Jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, na baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vimekaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani na wafanyakazi waliziogopa. Hawakuwa na chombo chenye nguvu ya kusema "hatuingii" bila kupoteza mshahara. Mkaguzi huja siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki mfanyakazi yuko peke yake na nyapara.

Fairtrade

*Ukaguzi na malipo.* FLOCERT, kampuni ya ukaguzi ya Fairtrade, ndiyo inayokagua na kutoa cheti, kwa mzunguko wa miaka mitatu wenye ukaguzi wa kati. Mzalishaji hulipa ada ya maombi na ada ya mwaka kulingana na ukubwa wake na idadi ya mazao. Omba makadirio ya maandishi kabla ya kuanza, kwa sababu ushirika wenye vituo vingi vya kukusanyia mazao hupanda daraja haraka.

*Inachodai.* Kuna viwango viwili vikuu, na hapa wengi hujikwaa. Kimoja ni cha vyama vya wakulima wadogo, kingine ni cha mashamba yenye wafanyakazi wa kuajiriwa. Chai na ndizi zinaweza kupita njia zote mbili, na maua hupita ile ya kuajiri. Kahawa na kakao ni za wakulima wadogo tu. Shamba kubwa la kahawa linaloajiri watu 400 halitapata cheti hiki hata likiwa na usimamizi bora kuliko majirani wote. Kwa mashamba, kiwango kinadai mwajiri asaini na kubandika hadharani, kwa lugha ya wafanyakazi, tamko kwamba hatazuia chama. Kinadai pia mishahara ipande hatua kwa hatua kuelekea kiwango cha kukidhi maisha cha eneo husika.

*Fedha.* Hapa ndipo Fairtrade inapotofautiana na nyingine zote. Kwa kahawa ya Arabica iliyooshwa, bei ya chini tangu Agosti 2023 ni dola 1.80 kwa ratili (pauni), na malipo ya ziada ya jamii ni senti 20 kwa ratili, ambapo angalau senti 5 ziende kwenye ubora na tija. Kontena la magunia 320 ya kilo 60 lina ratili takribani 42,300, kwa hiyo malipo hayo ya ziada yanakaribia dola 8,460. Kwa maua hakuna bei ya chini, ila mnunuzi huongeza asilimia 10 ya bei ya bandarini au ya uwanja wa ndege, na fedha hizo huingia kwenye akaunti ya kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi. Wawakilishi wa menejimenti hukaa kwenye kamati kama washauri, bila kura.

Sasa ubaya wake: malipo haya hutolewa kwa kile kilichouzwa kwa masharti ya Fairtrade tu. Shamba linaweza kuwa na cheti kamili, likakaguliwa shamba zima, lakini likauza sehemu ndogo ya mashina kwa masharti hayo na mengine mnadani kwa bei ya kawaida. Piga hesabu kwa mauzo yenye mkataba. Matarajio yaache nje ya hesabu.

*Mkaguzi akiondoka.* Kamati ya malipo ya ziada huwapa wafanyakazi mazoea ya kukutana, kuhesabu fedha na kubishana na menejimenti. Ni nguvu halisi. Lakini kamati hiyo haina mamlaka ya kujadili mishahara, na mwajiri mjanja huweza kuitumia kama mbadala wa chama: "mnahitaji chama cha nini, kamati si mnayo?" Ukisikia sentensi hiyo, ujue kiwango kinakiukwa.

*Inamfaa nani.* Vyama vya wakulima wadogo vyenye uongozi unaofanya mkutano mkuu wa kweli, na mashamba ambayo tayari yana mnunuzi aliyeahidi kiasi. KNCU ya Moshi na KCU ya Bukoba ni mifano ya vyama vilivyouza kahawa kwa njia hii kwa miaka mingi.

Rainforest Alliance

*Ukaguzi na malipo.* Shirika lenyewe halikagui. Unachagua kampuni ya ukaguzi kutoka orodha iliyoidhinishwa na kuilipa wewe. Mzunguko ni miaka mitatu. Waliokuwa na cheti cha UTZ, kiwango kingine cha kilimo endelevu, waliingizwa humu baada ya mashirika hayo mawili kuungana Januari 2018, na kiwango kipya cha 2020 kikaanza kukaguliwa Julai 2021.

*Inachodai.* Mazingira na kazi kwa pamoja: misitu, dawa, maji, saa za kazi, makazi. Mashamba makubwa hujaza jedwali la mishahara linalolinganisha kila kundi la kazi na ujira wa kukidhi maisha. Kwa utumikishwaji wa watoto, kazi ya kulazimishwa, ubaguzi na ukatili kazini, kiwango hiki kiliacha mtindo wa kumnyang'anya mtu cheti papo hapo kila kosa linapoonekana. Badala yake kinadai kamati ya kutathmini hatari, kufuatilia na kurekebisha. Wakosoaji wanasema ni kulegeza kamba. Sisi tunaona mantiki yake: adhabu ya papo hapo iliwafundisha mameneja kuwaficha watoto siku ya ukaguzi, na mtoto aliyefichwa hasaidiwi. Ila njia hii inafanya kazi pale tu kamati inapokuwa na watu wanaoaminika na bajeti ya kurekebisha.

*Fedha.* Hakuna bei ya chini. Mnunuzi analazimika kulipa nyongeza ya fedha taslimu juu ya bei ya soko. Kwa kakao nyongeza hiyo ilipangiwa kiwango cha chini cha dola 70 kwa tani, lakini kwa mazao mengi mengine ni ya kujadiliana, na mwenye sauti ndogo hupata kidogo.

*Mkaguzi akiondoka.* Kiwango kinadai utaratibu wa malalamiko na mtu au kamati ya usawa wa jinsia. Kwenye karatasi inatosha. Februari 2023 uchunguzi wa BBC kwenye mashamba ya chai ya Kericho ulikusanya madai ya wanawake zaidi ya 70 waliosema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mashamba hayo yalikuwa na vyeti. Pale msimamizi anapokuwa na uwezo wa kuamua nani apate kibarua cha leo na nani arudi nyumbani, kamati ambayo wajumbe wake wako chini ya msimamizi huyohuyo haitaletewa lalamiko hata moja. Daftari tupu la malalamiko kwenye shamba la watu 1,000 ni dalili mbaya, na mkaguzi makini hulisoma hivyo.

*Inamfaa nani.* Chai, kahawa ya mashamba makubwa, na vikundi vya wakulima ambao wanunuzi wao wanataka mazingira na kazi katika cheti kimoja. Humfaa pia yule ambaye Fairtrade imemfungia mlango kwa sababu ya aina ya zao.

SMETA

Hiki si cheti, na yeyote anayekuambia "tumefaulu SMETA" ama hajaelewa au anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni mbinu ya ukaguzi ya Sedex, jukwaa ambalo wasambazaji na wanunuzi hubadilishana taarifa za hali za kazi, inayotoa ripoti na orodha ya marekebisho. Hakuna kufaulu wala kufeli. Mnunuzi anaisoma na kuamua mwenyewe.

*Ukaguzi na malipo.* Unajiunga na Sedex, unajaza dodoso la kujitathmini, kisha unaajiri kampuni iliyoidhinishwa. Kwa kawaida unayekaguliwa ndiye unayelipa, na huo ndio udhaifu wa kudumu wa ukaguzi wa aina hii: mkaguzi anamkagua mteja wake. Kuna toleo la nguzo mbili, yaani kazi na usalama, na la nguzo nne linaloongeza mazingira na maadili ya biashara. Muulize mnunuzi anataka lipi kabla ya kuagiza, kwa kuwa kurudia ni gharama kamili. Siku za ukaguzi hufuata idadi ya wafanyakazi. Katika mwongozo wa toleo la 6, eneo lenye watu 101 hadi 500 lilitengewa siku 2 za mkaguzi na mahojiano na wafanyakazi 26, sita mmoja mmoja na wengine katika vikundi. Toleo la 7 lilianza mwaka 2024, hivyo hakikisha kampuni unayoiajiri inakupa hesabu za toleo hilo.

*Inachodai.* Vifungu tisa vya ETI (Ethical Trading Initiative, muungano wa kampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia) pamoja na sheria ya nchi, na pale vinapotofautiana hutumika kile kinachomlinda mfanyakazi zaidi. Mfano rahisi ni saa. ETI inaruhusu wiki ya kawaida isiyozidi saa 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema 45, isiyozidi saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Kiwanda cha Dar es Salaam kinachojivunia "tuko chini ya 48" kitaandikiwa kosa.

Makosa mengi ya SMETA huanzia kwenye karatasi zisizolingana. Mkaguzi mzuri huchukua daftari la getini, rekodi ya kupulizia dawa na hati za malipo, akazilaza mezani pamoja. Kama rekodi ya dawa inaonyesha watu sita walipulizia Jumapili na mahudhurio yanasema walipumzika, mazungumzo yanabadilika hapohapo. Kuweka daftari mbili za saa ni kosa kubwa zaidi kuliko saa zenyewe. Ukizidisha saa na kusema wazi, utapewa muda wa kurekebisha. Ukidanganya, mnunuzi huwa hana sababu ya kuamini ukurasa mwingine wowote wa ripoti.

*Fedha.* Hakuna nyongeza ya bei kwa mtu yeyote. Faida ni kwamba ripoti moja inaweza kuonwa na wanunuzi wengi badala ya kila mmoja kuleta mkaguzi wake.

*Mkaguzi akiondoka.* Hapa ndipo SMETA ilipo dhaifu kuliko nyingine. Inaangalia kama una utaratibu wa malalamiko, lakini haikuundii wala haikuachii chombo chochote cha wafanyakazi.

*Inamfaa nani.* Viwanda vya nguo, vya kufungasha mboga na matunda, na wasambazaji wa bidhaa zisizo na alama ya shambani. Kama kipimo cha kuanzia ni kizuri mno, kwa sharti kwamba meneja anaisoma ripoti kama orodha ya kazi za kufanya.

Mkataba wa hali bora, na mkataba unaomfunga mnunuzi

*Ukaguzi na malipo.* Hakuna mkaguzi wa kuajiriwa. Chama kikiwa na wanachama walio wengi mahali pa kazi, Tanzania na Kenya sheria inamtaka mwajiri akitambue na kujadiliana nacho. Kwa mashamba vyama vinavyojulikana ni TPAWU upande wa Tanzania na KPAWU upande wa Kenya. Kenya mkataba husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndipo uanze kufanya kazi. Gharama ni muda wa kujadiliana, ruhusa za wawakilishi, na mwanasheria.

*Unachodai.* Kile mlichokubaliana, na hapa ndipo nguvu na udhaifu wake vinapokaa pamoja. Mkataba mzuri unataja daraja za mishahara, posho ya nyumba, muda wa kusubiri kabla ya kuingia banda lililopuliziwa dawa, na kibarua awe wa kudumu baada ya muda gani. Mkataba mbaya unataja mishahara tu, na kuwaacha nje vibarua walioletwa na wakala, ambao ndio wanaoumia zaidi.

*Fedha.* Zinaingia kwenye mshahara, kila mwezi, kwa kila aliye chini ya mkataba.

*Mkaguzi akiondoka.* Mwakilishi wa chama yupo kazini kila siku, na sheria inamlinda. Lakini mwajiri akishupaa na mnunuzi akinyamaza, kesi huchukua muda mrefu. Ndiyo maana ya hatua ya pili: kumfunga mnunuzi. Lesotho ndiyo rejea bora Afrika. Baada ya uchunguzi kufichua unyanyasaji wa kingono katika viwanda vya jinzi vya Nien Hsing, mwaka 2019 kampuni hiyo, wanunuzi wake Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake walisaini makubaliano yaliyounda chombo huru cha kuchunguza malalamiko. Chombo hicho kilipewa uwezo wa kuamua adhabu, hata kufukuzwa kazi kwa msimamizi, na wanunuzi wakajifunga kupunguza oda kama kiwanda kingekataa kutii. Mfanyakazi hakuhitaji tena kupeleka lalamiko kwa bosi wa aliyemdhuru.

*Inamfaa nani.* Sehemu zenye wafanyakazi wengi wa kuajiriwa na wanunuzi wachache wakubwa. Ushirika wa wakulima wadogo wasioajiri mtu haupati kitu hapa. Tena, mkataba huu haubandikwi kwenye pakiti: mnunuzi wa Ulaya anayetaka alama ya kuonyesha dukani hatatosheka nao.

Utaratibu wa malalamiko, kwa njia yoyote utakayochagua

Hakuna hata moja ya njia hizi itakayokuandikia utaratibu huu vizuri kama utakavyouandika mwenyewe. Weka milango angalau miwili ya kulalamikia, mmoja usiopitia kwa nyapara wala ofisi ya utumishi. Namba ya simu ya mtu wa nje au wa chama inatosha kuanzia. Sanduku la maoni lililotundikwa mlangoni kwa meneja, chini ya kamera, ni pambo. Pokea lalamiko kwa maandishi ndani ya siku 2, toa jibu ndani ya siku 14, maliza rufaa ya ndani kufikia siku ya 21. Hesabu hii ina sababu: Tanzania, anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Utaratibu wa ndani unaochukua siku 40 humnyang'anya mtu haki yake bila mtu yeyote kukusudia, akabaki kuomba kuongezewa muda. Mpeni mlalamikaji karatasi inayotaja tarehe hizo.

Kwa kesi za ngono kazini, mwondoe msimamizi anayetuhumiwa kwenye mamlaka ya kupanga kazi wakati uchunguzi unaendelea. Usimhamishe mlalamikaji. Kenya, mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa kisheria awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili.

Kwa hali yako

*Ushirika wa kahawa wenye wanachama wadogo:* Fairtrade kama una mnunuzi wa masharti hayo. Kama mnunuzi wako anazungumzia misitu na ufuatiliaji wa mashamba, Rainforest Alliance. Vyeti viwili kwa pamoja vinalipa pale tu kila kimoja kina mauzo yake.

*Shamba la maua:* anza na mkataba wa chama unaowataja vibarua, kisha cheti ambacho soko lako linakitaka. Wakaguzi wa vyeti vyote hupumua wakikuta mkataba unaofanya kazi, na marekebisho huwa machache.

*Kiwanda cha nguo au cha kufungasha:* SMETA ya nguzo ambazo mnunuzi amezitaja, na mara tu ripoti ikitoka, ibandike orodha ya marekebisho mahali wafanyakazi wanapoiona.

*Mnunuzi amekupa miezi mitatu:* cheti hakitapatikana kwa uhakika ndani ya muda huo. Agiza SMETA, mpe ratiba ya maandishi ya cheti, na usisaini tamko lolote la "hatuna ukiukaji".

*Wewe ni kiongozi wa tawi la chama, na mwajiri ana vyeti vyote ukutani:* uliza bidhaa zinauzwa kwa nani. Kama mnunuzi ni kampuni kubwa ya Ujerumani iliyo chini ya sheria yake ya minyororo ya ugavi, kampuni hiyo inatakiwa kuwa na njia ya kupokea malalamiko hata kutoka kwa wafanyakazi wa wasambazaji wake walioko nje. Tuma lalamiko lenye tarehe, mahali na nakala za hati za malipo, bila majina ya walioogopa kutajwa.